Mkaguzi wa Adabu Mtaa wa Narung'ombe

Kati ya matapeli wote wanaohangaika Kariakoo, Theophil ndiye aliyekuwa na adabu kuliko wenzake, na pengine kuliko watu wengi waaminifu. Hakuwahi kumwingiza mtu mjini bila kumsalimia kwanza. Wazee aliwapa shikamoo ya kuinama, akina mama aliwapisha njia, na mtu akipiga chafya hata ng'ambo ya barabara, yeye humwombea afya. Majina ya ukoo aliyabadilisha kila alipohama mtaa, leo Komba, kesho Ngonyani, lakini hilo la Theophil aliliacha lilivyo. Mtu akiitwa jina lake barabarani asigeuke, watu huanza kumtilia shaka.

Asubuhi hiyo alikuwa akipita Mtaa wa Narung'ombe, shati limepigwa pasi mpaka limesimama, mkoba wa ngozi kwapani, kichwani hana mchongo wowote wa kutapeli. Mara akasikia makelele kutoka duka la mapazia.

"Wee mama, unanunua au unapapasa? Hapa siyo mnadani kwa mbuzi! Mnashika, mnashika, mkimaliza mnaenda kununua kwa jirani!"

Mama wa watu aliliachia pazia kama limemuunguza. Akasonya msonyo mrefu wenye kona, akavuka barabara, akaenda kununua kwa jirani.

Theophil akasimama kumtazama mwenye duka. Alikuwa mwanamume wa makamo, mwenye asili ya Kiarabu, ndevu zimechongwa vizuri, sura ya kupendeza mpaka pale anapofungua mdomo. Nyuma yake majora ya vitambaa yalikuwa yamepangwa kufika darini: mahameli mazito, shea laini kama mvuke, vitambaa vya nyuzi za dhahabu. Mali ya kumtoa mtu udenda, na mteja hata wa dawa hakuwemo.

Alinunua chupa ya maji kwa mmachinga wa pembeni, akampa pole ya jua na hongera ya kazi, na kwa heshima hiyo akapewa habari zote za mtaa. Mwenye duka anaitwa Asad. Duka ni la marehemu baba yao, analiendesha yeye na dada yake mkubwa, Zamzam. Mdomo wa Asad umefukuza wateja wote, na karibuni umemfikia hata mwenye nyumba. Mzee Abdulswamad alikuja kukumbushia mkataba, Asad akamwita king'ang'anizi mbele ya umati. Sasa mzee ameapa kwamba mwezi ukiisha atawatoa, fremu ampe kijana wa kuuza makava ya simu.

"Na dada mtu anasemaje?" aliuliza Theophil.

"Da Zamzam? Hasemi. Yeye anashona tu."

Mtu mwingine angeona hapo duka linalokufa. Theophil aliona tajiri ambaye amekuwa akiufukuza utajiri wake kwa mdomo, hajui kwa nini haurudi, na atamwamini yeyote atakayemwambia njia ya kuuita. Akajifuta jasho, akaweka sawa kola, akaingia.

"Asalaam aleikum."

"Waaleikum salaam. Unataka nini?"

"Sitaki kitu, bwana. Nimeingia kukupa pole."

"Pole ya nini? Nani kafa?"

"Yule mama uliyemfukuza sasa hivi."

"Kafa?"

"Hapana," Theophil alisema kwa huzuni. "Angekufa ingekuwa nafuu."

Asad alishusha mkasi. Theophil akageuka kutazama mlangoni kama mtu anayefuatwa, akasogea, akaanza kunong'ona. Kulikuwa na mama mmoja mjane, tajiri wa kutisha, anajenga hoteli Kigamboni, vyumba mia nne vyote vinatazama bahari. Zamani, kabla hajatajirika, mama huyo aliingia Kariakoo na khanga yake kuukuu, muuzaji mmoja akamtukana mbele za watu. Jambo hilo halijamtoka. Sasa anahitaji mapazia ya hoteli nzima, na ameapa hatayanunua ila kwenye duka lenye adabu. Ametawanya wakaguzi wa siri mtaani.

"Wakaguzi wa nini?"

"Wa adabu. Hawavai sare, bwana Asad. Mkaguzi anaweza kuwa muuza karanga. Anaweza kuwa mpagazi, anaweza kuwa kichaa. Au mama anayeshika mapazia."

Asad alitazama ng'ambo ya barabara alikoingia yule mama. Midomo ilianza kucheza. Alikuwa anazidisha vyumba mia nne kwa madirisha.

"Na wewe ni nani?"

"Mimi nipo upande wa manunuzi. Sikutakiwa kukwambia. Lakini nimeyaona majora yako, roho imeniuma."

Katika kona nyuma ya meza, kando ya cherehani, alikaa mwanamke amejifunga ushungi wa kijani, anapachika ringi kwenye pazia. Theophil alikuwa amemwona kama mtu anavyoiona feni: ipo, inazunguka, basi. Hilo lilikuwa kosa lake, na hilo moja lilitosha.

Zamzam aliinuka, akamimina chai ya tangawizi, akaiweka mbele ya mgeni kwa mikono miwili.

"Karibu chai, kaka. Bila shaka wakubwa wako watataka sampo?"

Theophil alikuwa amepanga kulifikia neno sampo baada ya siku mbili za maneno matamu. Kuletewa hivi, pamoja na chai, kulimfanya amshukuru Mungu kimoyomoyo.

"Watataka, dada. Majora matano, sita hivi. Yatundikwe kwenye chumba cha mfano."

"Haya ya dukani? Utatuaibisha. Tuna mahameli ya Uturuki, kontena limeshashuka bandarini, wakala anamalizia ushuru tu. Subiri uchukue vitu vya hadhi."

"Kontena ga..." alianza Asad.

"Kunywa chai, inapoa," dada yake alimwambia, akamtia kikombe mkononi.

Theophil akaona ajabu: mwanamume hajui hata mzigo wa duka lake mwenyewe! Mambo yalikuwa mepesi mno. Kwa upande mmoja majora sita ya kawaida leo, kwa upande mwingine mahameli ya Uturuki kesho. Alikuwa na mnunuzi Mbagala ambaye haulizi mzigo umetoka wapi. Akakubali kusubiri.

"Ila kaka," Zamzam aliendelea kwa sauti ya chini, "mdomo wa ndugu yangu umeusikia. Kontena likitoka halafu wakaguzi wameshatufuta, itatusaidia nini? Kaa naye hapa mlangoni, umfundishe. Chakula utakula kwetu."

Ndivyo Theophil, ambaye hajawahi kuajiriwa tangu azaliwe, alivyoanza kuripoti kazini kila asubuhi.

Mwanafunzi alikuwa mgumu.

"Sema: karibu mama."

"Karibu mama."

"Sasa sema kama mtu ambaye hajakamata mwizi."

"Karibu... mama."

"Tabasamu."

Asad akatabasamu. Mtoto aliyekuwa akipita na mama yake akaanza kulia.

"Basi, hilo tuliache kwanza," Theophil alisema. "Mteja akishika pazia, unamwambiaje?"

"Namwambia... aache?"

"Unamwambia alishike vizuri, alitazame na mwangani. Akiondoka bila kununua, unamwambia karibu tena."

"Bila kununua?"

"Bila kununua."

Asad alikamata kifua kama mtu aliyepewa habari za msiba. Lakini vyumba mia nne ni vyumba mia nne. Alikaza moyo, akasema karibu tena, akaisema tena, na kufikia alasiri aliweza kuisema bila kufumba macho.

Kilichomsaidia zaidi kilikuwa hofu. Kila aliyekanyaga kizingiti alimwona mkaguzi. Muuza kahawa alipewa hongera ya kazi mpaka akauliza kama kuna tatizo. Mgambo aliyekuja kufokea bidhaa zilizotandazwa njiani alikaribishwa ndani, akapewa maji baridi na kuombwa radhi. Akasahau alichofuata, akaondoka amempimia mkewe pazia la sebuleni. Kichaa mmoja wa mtaani, ambaye kwa kawaida hupigiwa kelele, aliitwa "mzee wangu" na kuulizwa anapenda rangi gani. Alisema bluu.

"Huyo ndiye," Asad alinong'ona kwa uhakika. "Umeona alivyojibu kwa akili?"

"Siruhusiwi kusema," alijibu Theophil.

Na watu wakaja. Waliokuja kuona muujiza wa Asad kuvutika mdomo kwa tabasamu walibaki kununua. Hapo Theophil naye alijisahau. Ulimi uliozoea kuuza viwanja vilivyomo baharini sasa ulikuwa na vitu vya kweli vya kuuza, ukakolea. Bibi harusi alipewa shea ya rangi ya maziwa na dua ya ndoa. Mama wa Tabata aliyekuja kuuliza njia aliondoka na mapazia ya nyumba nzima, anashukuru. Theophil alisimama kutwa nzima, sauti imemkauka, miguu imevimba, na jioni akamuuliza Zamzam kwa heshima zote:

"Dada, kontena?"

"Wakala anaumwa jino, kaka. Kesho, Inshallah."

Kesho yake wakala alikuwa msibani Tanga. Siku iliyofuata amerudi, ila ana mafua. Theophil alimpa pole wakala, akala pilau, akaenda zake, na asubuhi akarudi mapema kuwahi wateja.

Mwezi ulikuwa ukingoni alipotokea Mzee Abdulswamad. Alionekana tangu mbali, kanzu nyeupe, kofia ya mkono, fimbo inagonga lami. Nyuma yake alikuja kijana wa makava ya simu, ameshika futi ya kupimia fremu.

Uso wa Asad ulibadilika. Mafunzo yote yakamtoka kama vumbi la zulia.

"Kaja na mpangaji wake! Leo nitamwambia mzee huyu maneno ambayo..."

Theophil alimshika mkono. Fremu ikienda, duka limekwenda. Duka likienda, na mahameli ya Uturuki yameenda. Akafikiri haraka kuliko alivyowahi kufikiri.

"Na kama ndiye?"

"Huyu? Huyu namjua tangu natambaa!"

"Ndiyo maana. Kumheshimu usiyemjua, nani anashindwa? Wakaguzi wa juu kabisa wanatumwa kwa sura ya mtu uliyegombana naye."

Watu walishaanza kusogea, maana ugomvi wa Narung'ombe haukosi watazamaji. Asad alitoka dukani, akatembea mpaka katikati ya barabara, akaupokea mkono wa mzee kwa mikono miwili, akauinamia akaubusu.

"Shikamoo baba."

Mzee Abdulswamad alikuwa amekuja na maneno yake, ameyapanga njia nzima. Sasa hayakuwa na pa kuingilia. Akaitikia taratibu:

"Marahaba."

"Siku ile nilikukosea mbele za watu," Asad alisema, na sauti yake haikuwa ya kukariri. "Naomba unisamehe mbele za watu."

Theophil alishtuka. Sentensi hiyo hakumfundisha yeye.

Mzee aligeuza uso, akaisafisha miwani iliyokuwa safi. "Baba yako," alisema mwisho, "aliponidai na nilipomdai, salamu yake ilikuwa ile ile. Nilidhani imezikwa naye." Akamgeukia kijana wa makava. "Wewe, kunja futi yako. Nitakutafutia kwingine." Kisha akaingia ndani, akaitisha chai, na kabla haijaisha fremu ilikuwa yao mwaka mwingine.

Zamzam alikuwa amejifunika macho kwa ncha ya ushungi. Theophil aliamua kutazama barabarani, akahesabu magari yasiyomhusu. Tapeli akianza kuguswa moyo ni kama mpishi akianza kumwonea huruma kuku: kazi imekwisha. Akajikumbusha mahameli, akapona.

Na asubuhi iliyofuata, kama aliyejibiwa dua, alikuta kontena limetoka. Majora sita manene yalikuwa yamesimama mlangoni, yamezungushiwa nailoni nyeusi na utepe wa gundi kila upande. Pembeni Zamzam alikuwa amechana dirisha dogo la kuchungulia, na humo mahameli ya rangi ya zambarau yalimeremeta hivi kwamba Theophil alisahau hata kusalimia.

"Usiyafungue njiani, kaka. Vumbi la mji huu unalijua."

"Dada, nitayalinda kama mboni ya jicho."

Asad alimkumbatia. "Umenitoa mbali, ndugu yangu. Wasalimie hotelini."

"Zimefika," alisema Theophil, na kwa dakika nzima aliyaamini maneno yake mwenyewe.

Guta la magurudumu matatu la kubebea mzigo lilikuwa la Kitwana, jamaa mnene mpole ambaye Theophil alimsalimia vizuri, akamuulizia watoto, akamsifia matairi. Walipakia, wakashika Barabara ya Kilwa kuelekea Mbagala, Theophil amekaa juu ya mzigo kama sultani anayerudi kwake. Hapo Mtoni guta likaingia shimoni. Jora moja likaruka, likajibamiza kwenye lami, nailoni ikapasuka.

Mahameli yalikuwepo. Yalikuwa kipande kimoja cha kuzungusha mara moja, kimeshonwa kwa ustadi. Ndani yake kulikuwa na viroba vikuukuu vya saruji vimeviringishwa kwenye bomba la maji.

Theophil alishuka. Akachana la pili: viroba. La tatu: viroba na chandarua kilichotoboka. Hapo, mtu ambaye hakuwahi kupandisha sauti mbele za watu alimgeukia Kitwana, na yote aliyoyazuia maisha yake yote yakatoka kwa pamoja.

"Mpumbavu wewe! Mwizi mkubwa! Umenibadilishia mzigo! Na mimacho yako kama chura, guta lenyewe bovu kama wewe!"

Watu wakasimama. Mama wa mihogo akaacha kukaanga. Kitwana alishuka, akayapanga majora yote sita pembeni mwa barabara, moja moja, kwa uangalifu wa mtu anayebeba mayai.

"Mzee," alisema akishapanda guta lake, "nimekubebea ulichonipa. Nilidhani nimepata mteja mstaarabu. Kumbe huna adabu."

Umati wote ukaafiki. "Kweli, hana adabu," alisema mama wa mihogo, na hakuna tusi lililowahi kumwingia Theophil kama hilo. Guta likaondoka. Yeye akabaki juani na viroba vyake, akatoa simu.

"Abee kaka," sauti ya Zamzam ilipokea. "Umefika salama?"

"Viroba, dada! Viroba vya saruji!"

"Pole sana."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Mtu wa manunuzi wa hoteli ya vyumba mia nne, kaka, uliingia ukayasifu majora bila kuuliza bei, na mpaka leo bei ya mahameli hujaiuliza."

Theophil alifumba macho. Ni kweli. Asiyekusudia kulipa hakumbuki bei.

"Na kontena?"

"Kontena gani, kaka?"

Hapo Theophil alikumbuka kwamba kontena la namna hiyo yeye mwenyewe ameshaliuza mara mbili, na mara zote wakala alikuwa msibani.

"Sikiliza, kaka yangu," Zamzam alisema, na sauti ilikuwa ile ile ya kukaribisha chai. "Miaka namwambia Asad mdomo unatumaliza, hasikii. Nimemlilia, nimemnunia, hasikii. Umekuja wewe na uongo wako, kasikia. Umetuuzia mzigo wa msimu mzima, umetuokolea duka la baba yetu, na hukudai mshahara. Sijui nikushukuru vipi."

"Nitamwambia! Nitamwambia ukweli wote, hakuna hoteli, hakuna mkaguzi!"

"Huyu hapa, mwambie. Ila ukimaliza kusema ukweli wako, na mimi nitasema wangu kituo cha polisi. Kamera ya dukani imekupiga vizuri, hasa ukitabasamu. Asad! Simu yako."

"Bwana Theophil!" Asad alipokea kwa shangwe. "Hotelini wanasemaje?"

Theophil alifungua mdomo. Nyuma ya sauti hiyo alisikia duka: mkasi ukikata kitambaa, wanawake wakicheka, mtu akiuliza shea ya rangi ya maziwa, ile aliyokuwa akiinadi yeye. Alijua hata ilipo, rafu ya pili kushoto.

"Sikia," Asad alishusha sauti, "kuna mzee hapa. Anataka nimkatie nusu mita, bwana. Nusu mita! Na nimeshamshushia rangi zote mpaka za darini, sasa anataka kuanza upya. Damu inanichemka. Niambie tu, ndiye?"

Theophil alivitazama viroba. Akamtazama mama wa mihogo, aliyekuwa bado anamtikisia kichwa. Akaweka sawa kola.

"Siruhusiwi kusema, bwana Asad."

"Naelewa, naelewa. Basi nifanyeje?"

"Mpe kiti," alisema Theophil.